Uraibu Wangu wa Kuchora Vibonzo

Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wenzangu wengine ubawa wao ni kandanda, nasi huwashangilia kila Ijumaa jioni uwanjani hadi sauti zikatukauka. Wengine ubawa wao ni kwaya, wengine maigizo, wengine mijadala. Mimi ubawa wangu ni penseli. Nachora vibonzo, au katuni kama wengi wetu tusemavyo, na hasa nachora wahusika niliowapenda kwenye runinga, magazetini na vitabuni.

Ndugu msomaji, najua swali unalotaka kuniuliza, maana nimeulizwa mara nyingi mno: "Sasa wewe ukichora katuni ya mtu mwingine, hiyo ni kazi ama ni kunakili tu?" Mhariri wa jarida letu amenipa kurasa hizi nilijibu swali hilo. Nitalijibu. Lakini kwanza nikueleze siku yangu ilivyo, usije ukadhani kwamba mimi hushinda nikichora kuanzia asubuhi hadi jioni.

Sisi wanafunzi wa shule za kutwa hatuna muda wa kuchezea. Narauka saa kumi na moja alfajiri, nateka maji kwenye mfereji wa ploti kabla foleni haijawa ndefu, namwamsha ndugu yangu mdogo aliye gredi ya tatu, nanywa chai kwa chochote kilichobaki jana, kisha nashika njia kwa miguu. Kufikia saa kumi na mbili na nusu niko darasani. Jioni nikirudi napika, naosha vyombo, namsaidia ndugu yangu kazi yake ya nyumbani, halafu ndipo navitoa vitabu vyangu. Nikimaliza hesabu na kemia huwa ni saa tatu na nusu usiku. Kuanzia hapo hadi saa nne na nusu, saa hiyo ni yangu. Kama tokeni za stima hazijaisha, nachora. Zikiwa zimeisha, najilaza kitandani nikichora kichwani.

Vifaa vyangu havijazi hata mfuko wa sweta. Nina penseli moja ya HB, kichongeo, kifutio, biro nyeusi, na rangi za penseli 12 ambazo ile ya manjano na ile ya kijani zimebaki urefu wa kidole gumba. Macho ya wahusika nayazungushia kifuniko cha soda. Karatasi ndizo ghali, lakini Mungu hamtupi mja wake. Mama mwenye duka pale mtaani huniwekea kalenda za mwaka uliopita. Mbele kuna picha ya mlima au ya trekta, nyuma ni peupe, tena karatasi yenyewe ni nzito na haipitishi wino. Nikitaka kuchora picha ya pili inayofanana na ya kwanza, nazibandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha wakati wa jua, moja juu ya nyingine, nafuata mistari. Majirani wameshazoea kuniona nimesimama dirishani kama mlinzi.

Sasa tuingie katika ufundi wenyewe. Kumchora mhusika wa kibonzo kwataka jicho kabla ya kutaka mkono. Ukimtazama tembo wa katuni kwa haraka utaona tembo tu. Ukimtazama kwa makini utaona mayai mawili, moja kubwa la mwili na moja dogo la kichwa, mistatili minne ya miguu, na mstari mmoja uliopinda unaotoka kichwani hadi mkiani. Mstari huo ndio roho ya picha. Ukiuweka wima, tembo amesimama kama yuko gwarideni. Ukiupinda mbele, tembo anakimbia, hata kabla hujamchora miguu. Jambo hilo sikuambiwa na mtu. Nililipata kwa kumchora tembo yule yule jioni nyingi hadi ndugu yangu akaniuliza kama ana deni langu.

Isitoshe, wachoraji wa filamu huwa na karatasi maalumu ya kila mhusika. Humwonyesha mbele, ubavuni na nyuma, akicheka, akilia, amekasirika, ili mchoraji yeyote atakayempokea asimgeuze sura. Nami nimejitengenezea karatasi kama hizo za wahusika 11. Zilizonitoa jasho ni za mikono. Uso waweza kukusamehe, lakini mkono wenye vidole vilivyopotoka kila mtu atauona, hata yule asiyejua kuchora chochote.

Tena kuna hesabu ndani yake. Sekunde moja ya filamu ya sinema ina picha 24. Daftari letu la kurasa 48 lina karatasi 24. Kwa hivyo nilipochora tumbili anayerukaruka kwenye pembe ya kila karatasi, kisha nikalipeperusha daftari kwa kidole gumba, daftari zima lilikwisha kwa kufumba na kufumbua! Baadaye nilisoma kwamba wachoraji wengi huiacha kila picha ikae mara mbili, hivyo michoro 12 yatosha sekunde moja. Hata hivyo piga hesabu mwenyewe. Kipindi cha dakika 11 ni sekunde 660. Zidisha kwa 12, upate 7,920. Tangu siku nilipoipiga hesabu hiyo sijamwita mtengenezaji wa katuni mtu anayecheza.

Ushabiki wangu ulianza na Tinga Tinga Tales, vile vipindi vya wanyama vinavyoeleza kwa nini tembo ana mkonga na mambo mengine kama hayo. Vilianza kuonyeshwa mwaka wa 2010, na vilichorwa papa hapa Nairobi, katika studio ya Homeboyz. Nilipojua kwamba waliovichora ni Wakenya, wanaopanda matatu kama mimi, nilijiona nimepewa ruhusa. Mwaka wa 2023 nikawapenda wale wasichana wanne wa Supa Team 4, kazi ya Malenga Mulendema wa Zambia. Wasichana hao wanaishi Lusaka, wanasoma, na wanaongozwa na Mama K, bibi aliyewahi kuwa jasusi. Niliwatazama kwenye simu ya binamu yangu, sote wawili tumebanana juu ya kioo kidogo, na usiku huo huo nikaanza kuwachora.

Lakini siwachori vile walivyo kwao. Hapo ndipo utamu ulipo! Nimewaleta mtaani kwetu. Katika kalenda moja nimewachora wale wasichana wanne katika kituo cha Donholm saa za jioni wakigombania gari la Kayole. Tumbili ndiye makanga, ananing'inia mlangoni akiita abiria. Kobe ndiye dereva, na ndiyo sababu hakuna aliyefika nyumbani. Tembo amelipa nauli yake kama wengine, lakini gari ni la abiria 14, basi mkonga umekaa ndani na yeye mwenyewe yuko nje. Picha hiyo ilizunguka darasa zima na ikanirudia baada ya siku mbili ikiwa na alama za vidole vya mandazi. Sikukasirika hata kidogo. Mchoro usioshikwa na mtu ni mchoro uliolala.

Nalirudia sasa lile swali: je, huku si kunakili tu? Nitajibu kwa historia. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora picha zake jijini Dar es Salaam mwaka wa 1968. Alitumia rangi za kupakia baiskeli, akachora juu ya mbao nyembamba za kujengea. Aliaga dunia mwaka wa 1972, miaka minne tu baadaye. Mbona basi jina lake halikufa naye? Ni kwa sababu aliwafunza jamaa zake wachache, nao wakamwiga. Walichora chui wake, ndege wake na nukta zake, hadi kila mmoja akapata mkono wake mwenyewe. Leo Tingatinga si jina la mtu tu, ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Kisha miaka mingi baadaye wasanii wa Nairobi wakauchukua mtindo huo wakatengeneza katuni. Nami nikawaiga wao. Kwa hivyo kuiga ni mlolongo, na mimi ni pete ya mwisho iliyoingia juzi.

Isipokuwa mlolongo huo una adabu zake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inailinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ndiyo maana chini ya kila mchoro wangu naandika mhusika ni wa nani, na siuzi. Kijana mmoja wa kidato cha pili alinijia na noti ya shilingi mia moja mkononi.

"Sista, nichoree stika tano za hao masupa. Pesa ndiyo hii."

Nikamwambia, "Hao si wangu niwauze. Lakini wewe mwenyewe naweza kukuchora."

Alicheka, kisha akakaa. Nikamchora akiwa na masikio makubwa kuliko ya tembo, akalipa shilingi 30, na kesho yake walikuja wengine sita. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchora watu wa kwetu. Na katika watu wa kwetu ndipo alipozaliwa mhusika wangu wa kwanza wa kwangu mwenyewe, msichana aitwaye Tokeni, ambaye kila anapofungua kitabu usiku wa kuamkia mtihani, stima hupotea. Nisingeweza kumchora Tokeni kama nisingepitia kwa wale wanne wa Lusaka. Miguu yake niliisomea kwao.

Huenda ukadhani kwamba nyumbani wananipigia makofi. La hasha! Baba yangu ni fundi wa kupuliza rangi za magari katika gereji ya jua kali. Kwa muda mrefu kila aliponikuta na kalenda zangu alikuwa akisema maneno yale yale: "Hizo katuni zitakulisha?" Hapigi kelele. Anasema polepole, kisha anaondoka, na hilo ndilo linaloumiza zaidi.

Siku moja, tulipokuwa tukitafuta cheti changu cha kuzaliwa, niliona ndani ya bahasha picha ya mwaka wa 1999. Baba amesimama kando ya matatu, kijana mwembamba mwenye brashi mkononi. Ubavuni mwa gari kuna sungura mkubwa wa katuni aliyevaa miwani ya jua.

"Baba, huyu sungura alichorwa na nani?"

Alinyamaza kidogo. "Ni mimi."

"Ulimtoa wapi?"

"Kwa runinga. Ile miwani ndiyo niliongeza."

Nilibaki kinywa wazi. Kumbe baba naye alikuwa shabiki kama mimi! Alikaa chini akanieleza. Miaka hiyo matatu za Nairobi zilipambwa kwa nyuso za wanamuziki, wanasoka na wahusika wa katuni, naye alikuwa na kazi kila wiki. Kisha mwaka wa 2004 zikaanza kutekelezwa sheria mpya za matatu. Ziliagiza mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, na ule mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikaisha. Baba hasemi kwamba sheria zilikuwa mbaya. "Watu walikuwa wanakufa barabarani," alisema. Lakini waliotakiwa kuzifuta zile picha ni wale wale waliozichora, maana ndio waliokuwa na rangi.

"Huyu sungura nilimpaka mimi mwenyewe ile laini ya manjano," akasema. "Na siku hiyo nililipwa."

Mwishoni mwa mwaka wa 2014 michoro iliruhusiwa tena, na leo ukisimama kando ya Barabara ya Jogoo utaona matatu zilizochorwa zikang'aa. Lakini miaka 10 ni mingi. Vijana wengine walikuwa wameishika kazi hiyo, na baba alikuwa amezoea gari la rangi moja.

Tangu siku hiyo niliacha kumwona baba kama adui wa vibonzo. Anajua jambo ambalo mimi silijui, kwamba kazi ya mkono yaweza kuisha kwa siku moja. Juzi alipita nikichora akasimama nyuma yangu. Nilingoja yale maneno. Badala yake akasema, "Leta hiyo kitu." Akaitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. "Unachora na vidole, ndiyo maana laini inatetemeka. Chora kutoka kwa bega. Gari halichorwi na vidole." Akanishika kiwiko akaninyanyua mkono, nikavuta mstari mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe. Haukutetemeka.

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza. Nilimweleza kwamba shuleni hatuna somo la Sanaa na Usanifu, lakini baada ya KCSE ningependa kusomea uchoraji wa katuni za filamu.

"Tuone matokeo kwanza," akasema. "Sikatai uchore. Nakataa uache hesabu."

Sijui ataamuaje wakati huo ukifika. Mimi upande wangu nimeshaamua kwamba matokeo ya hesabu hayatakuwa sababu ya kunikatalia. Muhula uliopita nilipata B katika hesabu, na karatasi ya mtihani niliibandika ukutani kando ya Tokeni, mahali ambapo baba hupita akienda kunawa.

Neno la mwisho ni kuhusu lugha yetu, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na mlezi wetu hatanisamehe nikiliruka. Kibonzo kina kiputo cha maneno, na kiputo hakina nafasi ya porojo. Maneno saba au manane hivi, kimejaa. Kwa hivyo ukitaka mhusika wako achekeshe, lazima ulichague neno kama anayechagua nyanya sokoni. Kuna siku nilikaa na sentensi moja ya makanga kwa nusu saa nikikata neno hili na lile, na insha zangu zimefaidika kwa hilo. Hatukuanza sisi. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuja Nairobi mwaka wa 1992 akawafanya watu walifungue gazeti kwa ajili ya picha. Shujaaz ilipoanza mwaka wa 2010 ilizungumza Sheng, na vijana wakaisoma hadi ikachanika. Kila mmoja wao alijua msomaji wake anavyoongea.

Kwa mintarafu hiyo natoa ombi. Chama chetu kitenge sehemu ndogo katika ubao wa matangazo, kila wiki tubandike kibonzo kimoja cha Kiswahili. Wiki ya kwanza nitachora mimi, methali ya haraka haraka haina baraka, na dereva mnamjua. Wiki ya pili achore mwingine. Usiniambie kwamba hujui kuchora. Mchukue mhusika unayempenda, mtafute yai lake na mstari wake, umwige jioni 10 mfululizo, kisha mvishe sweta ya shule yetu. Ukifika hapo, yeye mwenyewe atakuonyesha njia ya kwenda. Karatasi zikikupungukia, njoo kwangu, bado nina kalenda tatu.